Penseli ya Fundi

Fundi wetu wa ndege ndogo hushinda na penseli nyuma ya sikio, lakini kabla ya kugusa bomba la moshi hunipa mimi, mtunza stoo, niishike, kisha hunawa mikono kama anayekwenda kula. Miezi minne namwangalia, sielewi. Bomba hulipapasa kwa kidole gumba, polepole, huku akiguna. Leo asubuhi niliuona ufa kabla yake, nikauzungushia penseli ile ile ili asihangaike kuutafuta. Alipouona mduara alilifungua bomba lote, akalitupa.

"Fundi, si ungeliunga tu?"

"Ufa ningeuunga, dada. Penseli ndiyo siwezi. Bomba likipata moto, alama inakula chuma, panapasuka. Moshi unaingia ndani, rubani anasinzia."

Sikujua nicheke au niombe radhi. Kisha nikakumbuka. "Jana niliandika namba kwa penseli kwenye bomba la ile ndege ya bluu."

Hakunigombeza. Alitazama uwanjani, pale ilipolala ile ya bluu; palikuwa patupu. Akaenda kwenye redio, mimi nimebaki na penseli mkononi.

"Kipanga," akamwita rubani wa ile ya bluu, kwa upole wa kumwamsha mtoto. "Kipanga, niitikie."