Kiti cha Bosi kwa Wasio na Bosi

Baba hakuwahi kupima chumba kabla ya kuuliza, "Bosi anakaa wapi?" Fanicha za ofisi tuliziuza hivyo hapa Kampala tangu enzi za babu: kwanza meza ya mvule, pana kama kitanda, na kiti chenye mgongo mrefu kuliko vyote. Wengine wangepata kilichobaki. Tuliishi kwa ukubwa wa watu, na tulikula vizuri.

Kisha wateja wakageuka. Baada ya ile miezi ya kufungiwa majumbani, ofisi zilirudi nusunusu, zikitaka meza ndefu za kushirikiana na viti vyepesi vya magurudumu, vyote sare. Mvule wetu ukabaki kula vumbi. Muuza simu wa jirani akaanza kulipima duka letu kwa macho, na Baba akawa tayari kumkodishia. Nikamsihi aniachie mimi, bintiye.

"Nakupa oda moja," akasema. "Ikiharibika, funguo nampa jirani."

Nikaipata mtaa wa Mbuya, kwa vijana wanaotengeneza programu za simu. Dada aliyewaongoza alinionya mapema: "Hapa bosi hapana. Viti yote sawasawa." Nilirudi kwa bodaboda nikicheka peke yangu, hadi dereva akaniuliza kama mimi ni mzima.

Siku ya kupeleka mzigo, viti vyangu vikashushwa, vyepesi, vinapendeza. Mwisho kabisa kikatoka kitu kimefungwa blanketi. Baba, aliyekuja nami, akalivuta. Kiti cha bosi! Ngozi nyeusi, mgongo hadi kisogoni na zaidi.

"Zawadi," akasema bila haya. "Nyumba haikosi baba."

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Askari wa getini, mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, alikitazama kiti kile kitupu, akabana visigino na kukipigia saluti.

"Mukubwa nafika saa ngapi?"

Yule dada hakucheka. "Mzee, nilisema bosi hapana," akasema, akatoka kupokea simu. Nilimchukia Baba pale pale, mapenzi yote pembeni.

Kijana mmoja akakaa, ati anajaribu. Akazunguka. Mwenzake akamtoa, naye akaegemea, akaagiza chai kwa sauti nzito. Wakapanga foleni wakisukumana, na askari naye akajipenyeza mbele. Dada aliporudi, wote wakasogea kando. Alikizunguka kiti, akakibonyeza, akaketi. Miguu ikaacha sakafu.

"Eh, maama!" Alifumba macho kwanza, kisha akanigeukia. "Nyabo, ile ingine rudisha. Leta kama hii, kila mutu na yake."

Ofisi isiyo na bosi ilitaka mabosi watupu! Nilicheka hadi machozi, nikashikilia ukuta. Baba alijikaza, lakini mabega yalimsaliti.

Tulirudi dukani jioni bado tunachekana. Muuza simu alikuwa mlangoni. Baba akamsalimu kwa heshima zote, akampita. Ndani, nyuma ya meza kubwa kuliko zote, kilikuwa kiti chake, ambacho sikuwahi kukikalia hata utotoni. Mimi changu kilikuwa kigoda cha wateja. Nikakivuta kiti chake nyuma ili apite, kama kila siku. Hakupita. Alisimama katikati ya duka, akatoa futi yake mfukoni, akaangaza huku na huko kama mgeni aliyekuja kupima.

"Bosi anakaa wapi?" akaniuliza.

Kabla sijajibu, alikuwa ameshakalia kigoda.