Mtu wa Muziki kwenye Arusi ya Colette

Mtu wa muziki tuliyempata kwa arusi ya dada Colette aliongea polepole, huku vidole vyake vikizungusha kaseti kwa kalamu ili betri zisiishe. Mama alitaka nyimbo za kanisa tu. "Mutuashi ikilia, minye natoka," alimwambia. Baba wa bwana arusi, Mkasai, aliapa kutokuja bila mutuashi, ngoma ya kwao ya kukata kiuno. Kila mmoja alijibiwa, "Usiogope, byote bitakuwa muzuri." Siku yenyewe mtu wa muziki akaweka kaseti ya kwaya ya Kasai inayomsifu Yesu kwa mdundo wa mutuashi. Mama alisikiliza maneno, akaridhika. Mara kiuno kikamponyoka, na yule mzee Mkasai akamfuata akicheka. Kaseti ilikwisha bila mtu kujua, maana ukumbi mzima ulikuwa unaimba, na nyuma ya spika mtu wa muziki alicheza kuliko wote.