Hapana ya Sokoni

Mama Kufuli alisema hapana Alhamisi usiku, vyombo vya chakula vikiwa bado mezani, na hadi Jumamosi asubuhi alikuwa angali anasubiri kuitwa.

Aliyelianzisha jambo hilo ni mwanawe. Huyo ni fundi wa lifti, mtu wa maneno machache, anayeamini kwamba kitu kikibonyezwa juu kinapaswa kwenda juu. "Mama," alisema, "funga lile duka. Njoo ukae na sisi. Chumba cha nyuma kipo, hakina mtu."

Mama Kufuli alijifuta mdomo, akatazama dari. "Mimi? Hapana, mwanangu. Nina duka langu, nina wateja wangu. Na mji wenu huu una kelele." Kisha akainuka taratibu, kama anavyoinuka mtu asiye na shida ya kitu, akaenda kunawa mikono. Alikawia bombani mpaka vidole vikakunjamana. Aliporudi, mwanawe alikuwa anatafuta taarifa ya habari kwenye runinga.

"Sawa, mama," akasema. "Nimekuelewa."

Amemwelewa! Mtoto aliyekulia chini ya meza ya duka, aliyejifunzia kutambaa kati ya magunia ya misumari, leo anasikia hapana ya kwanza na kuiamini. Yeyote aliyewahi kusimama sokoni anajua kwamba hapana ya kwanza ni kama hodi tu. Ukikipenda kitu, usikikodolee macho. Kishike, kitie kasoro, kirudishe, uondoke. Uondoke kwa mwendo wa kinyonga, ukimwachia mwenye mali nafasi ya kusema, "Njoo basi, mama, mbona unakimbia?" Mama Kufuli alinunua hivyo kiwanja chake, mabati yake na kila shehena ya makomeo na bawaba iliyowahi kuingia dukani. Hata posa aliikataa mara mbili, na marehemu mumewe akarudi mara ya tatu akiwa na shati safi zaidi.

Ila safari hii hakuna aliyeita. Na ukweli, ambao hakuwa amemwambia mtu pale, ni kwamba alikuwa amechoka. Ule mlango wa chuma wa dukani, aliokuwa akiupandisha kila alfajiri kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umebeba chupa ya chai, siku hizi ulimshinda mpaka amwite jirani. Magoti yalimlalamikia kama bawaba zilizokosa mafuta. Mwezi uliopita alikubaliana na mpwa wake: mwezi huu ukiisha, duka linakuwa la mpwa. Alikuja mjini akijua mwanawe atamwita akae, na akijua atakubali, kwa bei nzuri. Kwamba nyuma hana tena duka la kurudia, hilo alilifungia moyoni na kuutupa ufunguo. Muuzaji hakwambii kwamba huu ndio mzigo wake wa mwisho.

Jumamosi hiyo mkwe wake alijitolea kumtembeza katikati ya mji, maana kesho yake mgeni alikuwa asafiri kurudi kwake. Walikuwa mlangoni wanavaa viatu mwanawe alipopaza sauti kutoka bafuni:

"Msichelewe! Yule mwalimu anakuja jioni kuangalia chumba. Akikipenda, nampa leo leo."

Mama Kufuli akakaa tena kwenye kigoda, ndala moja mguuni na nyingine mkononi.

"Mwalimu gani?"

"Mpangaji, mama," mkwe akajibu akifunga kamba zake. "Chumba kikikaa bure kinaota ukungu. Twende, jua lisije likatukuta."

Mkwe alikuwa karani wa mapokezi hospitalini, mwanamke mwembamba, mwenye hatua ndefu na uso ambao haukuonyesha kitu. Walishuka kituoni mbele ya benki yenye milango ya kioo inayozunguka, wakaifuata barabara pana inayoteremka mtoni. Pande zote mbili majengo yalikuwa ya zamani, yenye vibaraza vya nguzo, na chini yake maduka ya saa, miwani na simu. Mkwe alionyesha: huu ni mnara wa posta, lile jengo la matofali mekundu lilikuwa ghala la forodha enzi za meli za mvuke, sasa limejaa maduka. Mama Kufuli aliitikia, "Aa," na "Kumbe," lakini macho yake yalikuwa kwenye milango. Benki ilikuwa na kitasa cha maana. Duka la saa lilikuwa na kufuli la bei rahisi, la kufungulia kwa kibanio cha nywele.

"Huyo mwalimu," alianza walipopumzika kwenye benchi la kwanza, "ana watoto?"

"Hana."

"Wapangaji wanavunja vitasa."

"Tutamwambia asivunje."

Wakainuka. Barabara iliteremka, na kila hatua iligonga goti kama nyundo. Kwenye benchi la pili, chini ya saa ya mnara, Mama Kufuli alijaribu tena.

"Hata hivyo kile chumba ni kidogo. Kitanda kikiingia, mtu anatoka."

"Kweli, mama. Bahati nzuri mwalimu mwenyewe ni kijiti."

"Na dirisha linatazama ukuta."

"Ana vitabu. Atatazama vitabu."

Mama Kufuli akainuka kwenye benchi. Amepambana na wenye maghala, amepambana na madalali wenye ndimi mbili, lakini huyu alikuwa kama ukuta uliopakwa sabuni: hakuna pa kushika.

Katika lile ghala la forodha alikiona kiatu. Kilikaa peke yake kwenye rafu ya kioo, cheusi, soli nene na laini, mdomo mpana unaoweza kupokea mguu uliovimba bila kuuuliza maswali. Alikijaribu. Mguu ulishukuru. Hapo hapo akakivua, akaanza kazi.

"Hii soli mbona kama sponji? Mvua moja tu imekwisha. Na rangi hii ni ya misibani." Akataja bei yake.

Msichana muuzaji akatabasamu. "Bei ni hiyo iliyoandikwa, mama."

"Najua kusoma, binti yangu. Nakuuliza wewe, si karatasi."

"Ni hiyo hiyo, mama. Pea yenyewe ndiyo ya mwisho kwa namba yako."

Mama Kufuli akakiweka kiatu chini, akavuta pumzi ya mtu aliyekosewa adabu, akaondoka. Alikwenda ule mwendo wake. Akasimama kwenye mikoba, akasimama kwenye mikanda, akafika mlangoni, akainama kurekebisha ukanda wa ndala ambao haukuwa na tatizo. Hakusikia kitu. Alipogeuka, msichana alikuwa amekwisha kukirudisha kiatu kwenye rafu, na mama mmoja mnene, mwenye miguu ya kuvimba kama yake, alikuwa anakijaribu. Yule mama hakusema neno juu ya sponji wala misiba. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaunta, akalipa, akatoka na pea nzima miguuni.

"Hapa hawaiti, mama," mkwe alisema kwa upole. "Ukiondoka, wanajua umeondoka."

Mama Kufuli akatangulia kutoka. Uchungu wa kiatu ulikuwa mdogo. Kilichomchoma ni sauti ya mwanawe: sawa, mama, nimekuelewa. Kijana wake hakuwa mjinga wala hakuwa mkatili. Alikuwa ameishi miaka mingi katika mji wa bei zilizoandikwa, na Alhamisi ile mama yake alikuwa kama mteja aliyeondoka dukani huku yeye akimtazama.

Nyuma ya ghala kulikuwa na ngazi pana za mawe zinazoshuka hadi kwenye gati la kivuko. Mto ulipita chini, mpana, rangi ya chai ya maziwa, ukibeba magugu na chupa tupu bila haraka. Kivuko kilikuwa ng'ambo. Watu walikaa kwenye ngazi wakila karanga, na Mama Kufuli akajishusha miongoni mwao kwa awamu, mkono mmoja ukutani, mwingine begani kwa mkwe. Akavua ndala. Miguu yake ilikuwa na alama za mikanda kama mizigo iliyofungwa kamba.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa pili. Simu ya mkwe ikalia, akaisikiliza, akasema, "Sawa, akifika mwandalie chai," akaizima.

"Ni mwalimu?"

"Yuko njiani."

Mama Kufuli alitazama maji. Alitafuta kasoro nyingine ya chumba, akaipata, ya paa, akaiacha. Hakuwa na nguvu ya kuibeba.

"Nakitaka," akasema.

"Nini, mama?"

"Usinifanye niseme mara mbili, wewe mtoto. Kile chumba. Nakitaka mimi."

Mkwe hakushtuka. Alipangusa maganda ya karanga kwenye ngazi, akasogea karibu. "Nimekungoja tangu Alhamisi."

"Ulijua?"

"Mama, mtu asiyetaka chumba hakitii kasoro njia nzima. Mimi nakaa mapokezini kutwa. Anayeumwa kweli ndiye anayeanza kwa kusema hana kitu, amesindikiza jirani."

"Basi mbona hukusema? Mbona hukuniita?"

"Ningekuita ungepanda bei." Alisema hivyo bila kucheka. "Ningekubembeleza, ungekuja kwangu kwa hisani yako, na kila sufuria nitakayoiunguza ningekumbushwa kwamba uliacha duka kwa ajili yetu. Nataka uje kwa haja yako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Magoti yangu hayainami."

"Ndiyo maana nimekuleta kwenye ngazi ukakaa."

Mama Kufuli akamtazama kwa mara ya kwanza kama anavyotazamwa mtu wa biashara. Mwaka wote wa uchumba alimwita mwanamke huyu kuti kavu. Alikuwa amekosea kupima.

"Haya, sema masharti yako," akasema. "Najua unayo."

"Jikoni ni kwangu. Ukipika, unarudisha kitu kilipokuwa. Mimi na mwanao tukigombana, wewe umelala, hata kama ni saa sita mchana. Na huwauzii majirani kufuli dirishani."

Hilo la mwisho lilimgusa, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuchagua dirisha. Mdomo ukafunguka wenyewe, kwa mazoea ya maisha yote: hayo mengine nakubali, la mwisho tulizungumze. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Halafu akaiona ile barabara ndefu iliyowangoja kurudi kituoni, yote kupanda, na meno yakafungwa.

"Sawa," akasema.

Mkwe akamkazia macho. "Sawa gani hiyo? Ya sokoni?"

"Ya miguu. Piga simu kabla mwalimu hajamaliza chai."

Mkwe akapiga. Sauti ya mwanawe ilisikika wazi, maana simu za siku hizi hazina siri. "Lakini mama alisema hapana! Mimi mwenyewe nilimsikia! Mwalimu yuko hapa, amekwisha kupima ukuta wa rafu zake!"

Mama Kufuli akaichukua simu. "Nilisema hapana, na wewe ukaishika kama yai. Sasa nasema ndiyo. Mwombe mwalimu radhi, mwambie mwenye chumba ametokea. Usimtoe na chai mdomoni."

"Na duka je, mama?"

"Duka lina mwenyewe. Mpwa wangu analichukua mwezi ukiisha. Tulishakubaliana."

Akairudisha simu. Mkwe alikuwa amemgeukia, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso ule ulionyesha kitu.

"Kumbe hukuwa na pa kurudi! Mama! Ningejua ningeongeza masharti!"

"Ndiyo sababu hukujua," alisema Mama Kufuli, akanyoosha mkono ainuliwe.

Mkwe alimvuta. Mara ya kwanza haikutosha, wakapumzika, wakajaribu tena. Kivuko kilikuwa kinafunga kamba gatini, na watu waliotoka ng'ambo walianza kupanda ngazi kwa wingi, wakiwapita kulia na kushoto. Wao walipanda kidogo kidogo, ndala mkononi, na kwenye kila kipandio mwanamke mkubwa alimwegemea mwanamke mdogo bila kujisingizia kwamba anasimama kuangalia mto.