Malaika wa Kariuki na Tarumbeta Yangu

Leo nimemnyamazisha Kariuki mbele ya kanisa zima hapa Thika!

Haya, ni uwongo. Aliyenyamazishwa ni mimi. Sikilizeni.

Kariuki alisimama kutoa ushuhuda wa siku za Emajensi, Waingereza walipokuwa wakiwasaka Mau Mau, tukiwa vijana wa bendi ya kanisa. Tulikuwa tunatoka kupiga muziki Ruiru, askari wakatusimamisha barabarani.

"Bendi gani? Nyinyi ni watu wa msituni mmevaa yunifomu! Wewe wa tarumbeta, piga peke yako!"

Ikishindikana, ni lori, halafu kambi ya kizuizini, sisi sote.

Wa tarumbeta nilikuwa mimi. Na tarumbeta sikuijua hata kidogo! Nilipenda ile yunifomu tu. Wenzangu wakipiga, mimi navimbisha mashavu.

Nikapuliza.

Ngai! Ilitoka sauti ya ng'ombe akizaa. Askari walicheka mpaka wakashika magoti, wakatuambia twende zetu.

Sasa leo Kariuki anasema eti malaika aliwafumba wale askari macho!

Nikaruka kwa kiti. "Malaika gani, Kariuki? Ni mimi!"

Halafu mama mmoja wa kwaya akaniuliza mimi mzee polepole, "Na aliyewachekesha watu wenye bunduki ni nani, guka?"

Mwenye jibu lingine aandike hapo chini. Mimi nikakaa, nikasema amina kushinda wote.

Lakini Kariuki, Jumapili ukirudia huo ushuhuda, huyo malaika wako mpe tarumbeta. Hilo nakudai.