Kifurushi Chenye Sauti ya Bibi Mifugo

Nyamizi Masele alikuwa kidato cha pili pale Lagangabilili baba yake aliponunua dawa iliyoua maksai wake wote wawili. Enzi hizo serikali ilikuwa imeshaachia biashara huria. Majosho ya serikali yalikuwa yameota nyasi, na dawa za mifugo aliuza yeyote mwenye meza mnadani. Muuzaji hajui kipimo, mnunuzi hawezi kusoma karatasi ya Kiingereza iliyokunjwa ndani ya boksi. Baba alidunga kwa kukisia. Kulipokucha maksai walikuwa chini, miguu imenyooka, na msimu ule pamba ililimwa kwa jembe la mkono. Mama alisema ni mkono wa mtu. Baba aliokota lile boksi, akaikunjua karatasi asiyoweza kuisoma, na picha hiyo ndiyo iliyomkaa Nyamizi moyoni.

Alisomea kompyuta Mwanza, akarudi Bariadi, akapanga chumba karibu na stendi. Hapo akawa anatengeneza simu na kuwawekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Kampuni za simu zilikuwa zinagombea wateja kama fisi na mzoga, na simu za kupangusa za bei chee zikamiminika hadi kwa wachungaji wa ng'ombe. Siku moja mchungaji alimletea simu yenye kioo kilichopasuka na kuomba nyimbo za harusi. Nyamizi alipokuwa anamwekea, akajiuliza: kama simu hii inaweza kumwimbia, itashindwaje kumweleza kipimo cha dawa?

Akaanza kutengeneza programu isiyomdai mtu kusoma. Unagusa picha ya ng'ombe mahali anapougua, iwe sikio, jicho au kwato, na sauti inakueleza kwa Kisukuma dalili ni zipi, dawa gani, kiasi gani, na wakati gani uache kujitibia ukamwite daktari. Sauti aliijua tangu mwanzo ingekuwa ya nani. Klementina, afisa mifugo mstaafu, alikuwa amezunguka vijiji hivyo kwa pikipiki hadi nywele zikawa nyeupe. Watu wote walimwita Bibi Mifugo.

"Yaani mimi niongee na simu?" Klementina alicheka hadi akajishika ubavu.

"Mayu, mama yangu, utaongea na watu. Simu ni ya kubebea tu."

"Basi washa. Ila nikikosea turudie. Ng'ombe haombwi radhi."

Walirekodi sebuleni kwake, madirisha yamefungwa ili jogoo wa jirani asiingilie. Ndani ya kompyuta, kwenye simu ya mfano ya kujaribia, kila kitu kilienda vizuri. Lakini programu iliyo kwenye kompyuta haijamfaa mfugaji. Ilibidi picha, sauti na maelekezo yote yafungwe pamoja kuwa kifurushi kimoja, kifurushi kipigwe muhuri wa siri wa aliyekitengeneza, ndipo simu ya mtu ikubali kukipokea. Kifurushi cha kwanza kilikuwa kizito mno, simu za bei chee zikakikataa. Nyamizi akapunguza picha, akazibana sauti, akafunga upya, akajaribu, akafunga tena. Siku kilipoingia kwenye simu ya kwanza na Bibi Mifugo akasikika akisalimia "Mwangaluka," fundi cherehani wa chumba cha jirani alidhani kuna mgeni amebisha hodi.

Mtandao ulikuwa wa kusuasua, kwa hiyo Nyamizi alikisambaza kwa mkono, akienda minadani na memori kadi yenye kifurushi hicho na kunakili simu hadi simu.

Kisha mambo yakaharibika mfululizo. Klementina alipata kiharusi. Alipona, akatembea kwa fimbo, lakini maneno hayakurudi. Kinywa kilitoa milio tu, na machozi ya hasira. Kabla Nyamizi hajazoea habari hiyo, umeme uliokuwa umekatika mjini ulirudi kwa kishindo. Kompyuta ikatoa moshi. Simu yake, aliyokuwa ameichomeka kujaribia toleo jipya, ikaungua nayo, pamoja na memori kadi iliyokuwa ndani yake. Fundi wa kompyuta aliifungua, akatikisa kichwa. Sauti zote zilizorekodiwa zilikuwa humo. Muhuri wake wa siri nao ulikuwa humo, na nakala hakuwa nayo.

Nyamizi alifunga chumba akaenda kwao kupalilia. Kompyuta nyingine angeweza kuipata siku moja. Ile sauti angeitoa wapi?

Siku ya mnada mama yake alimtuma Bariadi na kuku. Alikuwa anapita kwenye zizi la ng'ombe aliposikia mwanamke akisema kwa Kisukuma, taratibu na kwa mamlaka: "Mpapase chini ya sikio. Ukikuta uvimbe na ana homa, hiyo ni ndigana." Alisimama kama aliyeitwa jina. Mzee mmoja wa kijiji cha Mkula, Luhaga, alikuwa ameinua simu mkono mmoja, mkono wa pili uko shingoni mwa ndama aliyetaka kumnunua.

"Baba, hiyo sauti umeitoa wapi?"

"Si wewe mwenyewe uliniwekea?" Luhaga alimshangaa. "Umeshanisahau?"

Kuku wakamponyoka Nyamizi. Kumbe alikuwa analilia kitu alichokwisha kukigawa! Kifurushi ni kama furushi lolote, kinachofungwa hufunguliwa, na humo ndani sauti zimelala moja moja kama alivyozipanga.

Aliazima kompyuta ya rafiki yake Paschal, aliyekuwa na duka la kuchapisha picha. Kifurushi bado kilikuwa kwenye kadi ya Luhaga, katikati ya nyimbo. Alikifungua. Sauti zilikuwepo zote, zimebanwa lakini safi. Paschal alimkuta amelaza kichwa juu ya meza, akadhani anaumwa.

Muhuri haukuwemo. Muhuri hausafiri na kifurushi, alama yake tu ndiyo husafiri. Nyamizi akatengeneza mpya, akahifadhi nakala yake sehemu tatu, akafunga toleo jipya. Simu ya Luhaga ikalikataa.

"Inaniona mtu mwingine, baba. Ni kama chapa ya ng'ombe, chapa ikibadilika zizi linakataa. Lazima nifute la zamani kwanza."

Luhaga aliivuta simu kifuani. "Ukifuta, Bibi Mifugo anakwenda wapi?"

"Anarudi sasa hivi. Nishike mkono kama huniamini."

Hakumshika mkono, ila hakupepesa macho. Programu ilifutika, kioo kikabaki kitupu, kisha picha ya ng'ombe ikatokea tena na sauti ikasalimia. "Wabeja," Luhaga alishukuru, akiiambia simu.

Ilibidi afanye hivyo kwa kila mtu, Mkula, Nyashimo na vijiji vya Itilima, huku akieleza upya kila mara. Wengine walikataa, wakasema la zamani linawatosha. Wengi walimtolea kigoda na maziwa, na mama mmoja wa Nyashimo akamwonyesha ndama aliyepona.

Klementina alipowekewa simu mapajani na kuisikia sauti yake mwenyewe, alifumba macho muda mrefu. Kisha akagonga fimbo sakafuni, akanyoosha kidole kwenye picha ya mbuzi iliyoongezwa katika toleo jipya, ambayo haikuwa na sauti bado. Nyamizi alielewa. Akamwita Anna, binti wa Klementina, mwenye sauti nzito kama ya mama yake. Wakafunga madirisha. Anna alisoma maelezo ya kichomi cha mbuzi. Alipofika kwenye kipimo, fimbo iligonga: hapana, rudia. Akarudia. Ikagonga tena. Mara ya tatu Klementina aliitikia kwa kichwa, upande mmoja wa mdomo wake ukacheka, na Nyamizi akabonyeza kuhifadhi.