Muuza Tambi wa Prayong

"Nileteeni mwanamke yeyote wa Bangkok, hata muuza tambi, nitawaliza kwa maisha yake mpaka mkamue leso!"

Prayong aliyasema hayo jukwaani, usiku wa kwanza wa filamu aliyoiandika, suti ya kuazima ikimbana kwapani. Alikuwa kaka wa bibi yangu, na wanaume wa ukoo wetu hawajui kunyamaza. Watu walipiga makofi. Hawakujua kwamba muuza tambi mwenyewe alikwishapatikana.

Aliitwa Lamai, na aliuza tambi za bata pale darajani, chini ya chumba cha Prayong. Tangu Prayong angali mwandishi wa sinema asiyenunuliwa na yeyote, Lamai alimlisha bure, bila kumtoza hata baht moja. "Kula, mdogo wangu. Maiti haiandiki." Siku moja mvua ilifukuza wateja, Lamai akamwambia jambo asilowahi kumwambia mtu: binti yake, Buppha, hakumzaa yeye. Mpangaji mwenzake alimwacha mlangoni angali mchanga, akarudi zake kwao Korat, mkoani.

"Nitamwambia mwenyewe akikua," alisema. "Usinitangulie."

"Dada, mimi ni kaburi."

Kaburi lenyewe lilikuwa na taipureta. Prayong aliandika kila kitu, akageuza tambi kuwa vitumbua, akaona ameficha vya kutosha.

Filamu zetu wakati ule hazikuwa na sauti. Mtia sauti alikaa nyuma ya ukumbi na kipaza sauti, akiwasemea waigizaji wote, wake kwa waume, na ilikuwa ada ya kazi kuchomekea mambo ya mtaa ili watu wacheke. Wa usiku ule aliitwa Thawin.

"Kaka, mama huyu umemtoa wapi?" aliuliza kabla taa hazijazimwa.

Prayong angeweza kujibu, "Kichwani." Lakini makofi yalikuwa yamemlevya. "Yupo pale darajani. Ananilisha tambi za bata!"

Basi muuza vitumbua alipomwokota mtoto mlangoni, Thawin akabana pua, akatoa sauti ya kike: "Nyamaza, mwanangu, utanikimbizia wateja wangu wa bata pale darajani!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kisha kikakatika, shingo zikageuka. Lamai alikuwa amekaa katikati, kwa tiketi aliyopewa na Prayong mwenyewe, na Buppha, sasa msichana mkubwa, kando yake akibangua mbegu za tikiti.

"Ndiyo maana hawafanani!" mtu akasema.

Buppha aliacha kutafuna. "Mama, mbona wanatutazama?"

Lamai alimshika mkono, wakatoka wakikanyaga miguu ya watu. Kabla ya wiki kwisha, Buppha alifunga nguo zake, akaenda Korat kumtafuta aliyemzaa. Hakurudi hata mwaka mpya wa kumwagiana maji.

Prayong aliandika filamu nyingine nyingi, na ndani yake humwoni mama hata mmoja, ni mayatima watupu. Lakini hayo ni ya baadaye. Asubuhi aliyoondoka Buppha, Prayong alishuka darajani, akapiga magoti matopeni, viganja vimeungana usoni.

"Dada, nipige."

Lamai alikatakata bata, akamwaga supu, akamwekea bakuli mezani. Paja, kama siku zote.

"Dada, nitukane basi. Sema neno lolote."

Lamai alifuta kisu kwa kitambaa.

"Baht mbili," alisema.