Mguu Uliochelewa

Rumba niliyojifunza Iringa si ile ya bendi za Kongo. Ni ya kumbi za mashindano, ya polepole, na mchezaji huanza kwenye pigo la pili. Unapiga hatua kwenye pigo la pili, la tatu na la nne. Kwenye la kwanza mguu hautembei, nyonga ndiyo inayotulia juu ya mguu uliokwisha kubeba uzito.

Mwenzangu alikuwa fundi cherehani wa Ipogolo, mgane, mtu wa maneno machache. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ndivyo alivyoniita. Kila Jumamosi mchana tulifanya mazoezi na wachezaji wengine katika ukumbi wa parokia. Kwa miaka mitatu hakuwahi kukosa pigo.

Mwaka jana tulialikwa kucheza kwenye harusi Mbeya. Wiki chache kabla ya safari, mguu wake wa kulia ukaanza kufika baada ya pigo, goti likiwa limekunjika badala ya kunyooka.

"Fundi, unahesabu kweli?"

"Nahesabu, mwalimu. Mguu ndio haunisikii."

"Kwani mguu una masikio? Fanya mazoezi nyumbani."

Wenzetu walicheka. Naye akacheka kidogo, akajifuta jasho, tukarudia.

Kwenye harusi, katikati ya wimbo, mkono wake wa kulia uliteleza mgongoni mwangu ukaning'inia. Nilidhani amesahau hatua. Nilimvuta, nikahesabu kwa sauti mpaka mwisho, huku nikiwatabasamia wageni.

Njiani kurudi sikumsemesha. Basi liliposimama Igawa, alishuka akaniletea mahindi ya kuchoma. Nilimwambia sina njaa.

"Nisamehe, mwalimu. Nimekuaibisha."

"Ndiyo," nikasema. "Umeniaibisha."

Alikaa na yale mahindi mapajani mpaka Iringa.

Jumatatu asubuhi alianguka akiwa kwenye cherehani. Kiharusi. Hospitalini daktari aliuliza kama kulikuwa na dalili zozote kabla. Nilimweleza yote: mguu, goti, mkono. Aliandika, kisha akasema kama angeletwa mapema zaidi, labda kingezuilika.

Dada yake mkubwa alimchukua kwake Madibira, kwenye mashamba ya mpunga. Nilipokwenda kumwona, alikuwa ameketi uani, mkono wa kulia umelala kwenye mto, maneno hayatoki. Nilipiga magoti mbele yake.

"Fundi, nilikusema vibaya. Ulikuwa mgonjwa, nami nikakusema mbele za watu. Nisamehe."

Alinitazama, akatoa sauti moja nzito. Nikamgeukia dada yake.

"Amesema nini, mama?"

"Sijui, mwanangu. Hata chakula anaomba hivyo hivyo."

Nikangoja aseme tena. Dada yake akamfuta mate kwa kona ya kanga, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Fundi alifariki kabla mpunga haujavunwa. Simu ilinikuta darasani. Nilisahihisha madaftari yaliyobaki mezani, yote, ndipo nikaenda kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa ya kwenda kuzika.